Mwiko wa Onorina

Mhariri, nakutumia maneno mia sita kamili,
picha nane, na ankara chini ya yote
kama sahani anayowekewa mbwa.
Uliniomba nitie chumvi kidogo.
Nimetia. Sasa nikuambie kilichobaki bila chumvi.

Basi la saa mbili kutoka Tolmezzo lilinishusha Paularo,
mimi, begi la kamera, na taa ya kukunja
ambayo bado nailipia kwa awamu.
Theluji ilisalia upande wa kivuli tu,
chafu, kama shuka la mgonjwa.
Onorina Zanier alifungua mlango kwa kiwiko,
viganja vyote viwili vimejaa unga,
akaitazama mizani yangu ndogo ya betri,
akauliza kama nimekuja kupima dhahabu.

Unga kiasi gani? "Wa kutosha."
Viazi? "Vya watu waliopo."
Mdalasini? Akafinya hewa, akaiachia.
Nikawa nauwahi mkono wake kwa bakuli
kama mtu anayekinga paa linalovuja,
nikiandika haraka: gramu arobaini, gramu tatu,
jibini ya moshi, kipande cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti,
zabibu kavu kumi na tisa
(ya ishirini aliila).
Vile vifuko vya unga, cjarsòns, akavikunja kingo
kwa kidole gumba, bila kutazama,
huku akinisimulia habari za jirani aliyeuza ng'ombe.

Saa tisa jua lilikuwa linajiandaa kuuruka mlima.
Nikasogeza meza dirishani. Nikaondoa redio,
nikaondoa dawa za shinikizo la damu,
nikaondoa kalenda ya duka la mbolea,
nikaondoa, Mungu anisamehe, nyumba yao yote
isipokuwa sahani moja na kitambaa nilichokuja nacho.
Mumewe, Tite, akaingia kutoka bandani na harufu ya kuni
akauliza, tunakula?
Nikamwambia, dakika mbili.
Nilipiga picha sitini na moja.
Siagi iliganda. Yeye alikaa, kofia gotini,
kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Picha ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote.
Ukiikuza utaona, ukingoni, ukosi wa hiyo kofia.
Najua utaikata.

Nyumbani Udine nilivipika mara tatu
kwa gramu zangu mwenyewe, kwenye jiko la plati mbili.
Vilikuwa vitamu. Havikuwa vile.
Kuna kitu kilichokuwa kinapita nyuma ya ulimi
kama mtu anayepita nje ya mlango wa kioo,
na kwangu hakikupita.
Nikapiga simu. Onorina akanyamaza
mpaka nikasikia saa yao ya ukutani.
"Binti," akasema, "upo mwiko wa kukorogea,
ule nilikuonyesha, hata ukaupiga picha.
Na upo mwiko.
Huo alinipa mama mkwe wangu siku tatu kabla ya kufa,
na hakunilipa kwa neno."

Nilikuwa na jibu, mhariri.
Nilikuwa na tarehe yako ya mwisho, kodi ya chumba,
na jina langu kwa herufi ndogo chini ya kichwa cha habari.
Nikamwambia asante, nikamuuliza hali ya Tite.

Basi yachapishe kama yalivyo.
Wasomaji wataandika kwamba kuna kitu kimepungua;
wajibu kwamba wana ulimi mzuri.
Senti sita kwa neno, kama tulivyokubaliana,
na siku tisini ziwe tisini, si mia na arobaini kama mara ya mwisho.
Nauli, euro kumi na moja. Siagi, viazi, mara tatu.
Chakula cha Tite kilichopoa sijui nikiandike safu gani.
Ile zabibu ya ishirini
sijaidai.